Nusu ya Kwanza ya Methali

Sauti yenyewe ilikuwa ya sekunde 11.

Nilikuwa Malindi, nimesimama chini ya bati la duka nikingoja mvua ipite. Usiku uliotangulia niliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, kukumbushana mchango wa arusi ya binamu yangu: "Waungwana, siku zimekaribia. Tusisahau ahadi zetu. Muungwana ni kitendo." Watu 14 wakaweka kidole gumba. Wawili wakatuma pesa papo hapo. Kisha asubuhi ikaingia sauti ya Bi Mkubwa, dada yake bibi mzaa mama, aliyeko Langoni kule Lamu, ambaye simu hushikiwa na wajukuu.

"Mwanangu, methali umeikata kitwa. Isome tangu mwanzo wake. Kisha uniambie, huyo mja ni nani?"

Akanyamaza. Nyuma yake punda alilia, kisha sauti ikakatika.

Methali kamili naijua. Niliiandika kwenye insha darasa la saba: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Nusu ya kwanza hatuisemi tena. Tumebaki na nusu ya pili, na tunaiandika kila mahali, kwenye kadi za mwaliko, kwenye risala, nyuma ya magari, kwenye jumbe za kudai michango kama ule wangu.

Huyo mja ni nani?

Wiki tatu sikumjibu.

Neno nililolipenda

Niseme kwanza kwamba neno hili nalipenda. Marehemu baba hakuwa mtu wa mawaidha marefu. Tukitoka kwenda kwa watu alitutazama mlangoni, akatutengeneza kola, akasema, "Muwe waungwana." Ndani ya neno hilo mlikuwa na kila kitu: msalimie mkubwa kabla hajakusalimu, msikodolee macho chakula cha watu, msirudishe tusi, msiseme nje mliyoyaona ndani. Nilipokuwa mkubwa nikaanza kulitumia kwa umati. Ukisimama mbele ya watu usiowajua, wengine wazee, wengine wadogo zako, wengine wa dini nyingine, neno gani litawaenea wote na kuwapa heshima yao? Waungwana. Linafungua mkutano, linatuliza ugomvi kwenye mabaraza ya kahawa, linamfanya hata anayedaiwa aone ameombwa na si kusutwa.

Ndiyo maana swali la Bi Mkubwa liliniuma. Lilikuwa kama mtu aingie nyumbani kwako na kukuonyesha kwamba kitu ulichoachiwa na baba kina jina la mtu mwingine limechorwa chini yake.

Kwa sababu maana ya zamani naijua, na nyinyi mnaijua. Muungwana ni asiye mtumwa. Kamusi zetu hadi leo zinaziweka maana mbili hizo pamoja, mwenye adabu na asiye mtumwa, kana kwamba ni ndugu wa kawaida. Na mja, ambaye leo mashairi na dua zimemfanya kuwa binadamu yeyote mbele ya Mola wake, alikuwa mtumwa. Ndiye huyo tunayemkuta ndani ya *mjakazi*. Wengi hudhani mjakazi ni mja wa kufanya kazi. Lakini hiyo *-kazi* ya mwisho ni kiishio cha kale cha kike, kile kile ambacho Wazulu wanacho katika *inkosikazi*, mke wa mfalme. Mjakazi ni mja wa kike, basi. Jina halikuhitaji kutaja kazi.

Sasa isome methali upya. Mtumwa kazi yake ni maneno, muungwana ndiye mwenye vitendo.

Isome ukijua ni nani aliyekuwa akichota maji, akitwanga, akilima, akibeba mawe ya matumbawe na boriti za mikoko zilizojenga nyumba zile tunazozipigia picha. Vitendo vilikuwa vya nani?

Nilipofika hapo niliizima simu.

Njia ya Witu

Nilikwenda Lamu mwenyewe. Jambo hili halikuwa la kujibiwa kwa sauti ya sekunde 11.

Basi la asubuhi linavuka daraja la Sabaki mapema. Miaka yote nimeipita njia hiyo nikiwa na usingizi. Safari hii nilitazama nje. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Malindi hii ilikuwa ya mashamba makubwa ya mtama na ufuta, nafaka zikipakiwa majahazini kwenda Arabuni, na waliolima walikuwa watumwa. Waliotoroka waliitwa watoro. Neno hilo nalo tumelipunguza makali, siku hizi mtoro ni mtoto asiyekwenda shule. Watoro wa Malindi walikimbilia bara, Fuladoyo, wakaanzisha makao yao. Wengine walikwenda kaskazini, Witu, alikokuwa Sultani Ahmed wa ukoo wa Wanabahani, yule waliyemwita Simba, aliyewapokea na kuwafanya watu wake.

Basi lilisimama Witu dakika tano. Akina mama walipandisha ndizi na maembe madirishani. Nilinunua maembe mawili nikawatazama wale wauzaji, nikataka kuuliza swali ambalo halina namna ya kuulizwa.

Katika mabasi yote niliyopanda kupitia hapo, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba huu ulikuwa mji wa waliokataa.

Mokowe, boti, upepo. Nikashuka upande wa Mkunguni, nikapita mbele ya ngome, nikashika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuelekea Langoni. Ukitoka mtaa wa Mkomani unauona mji ukibadilika bila mtu kukwambia. Kuta nene za mawe na madaka yenye viti vya saruji hupungua, nyumba ndogondogo huongezeka. Mimi nimekulia mpaka huo. Nikiwa mtoto nilidhani ni mpaka wa mafundi tu, kwamba huku walikosa chokaa.

Yuu na tini

Bi Mkubwa alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Nikambusu mkono, akanionyesha jamvi kwa kidevu, mikono haikuacha kazi.

"Ndoo uketi. Umenijia kwa miguu, basi umekasirika au umefahamu?"

Nikamwambia sijui. Ilikuwa kweli.

Hakuanza na methali. Alianza na bibi yake yeye, ambaye mimi ninamjua kwa jina la dua tu, yule tunayemtaja katika khitma kila Shaabani. Alizaliwa katika nyumba moja ya mawe Mkomani. Nyumba yenyewe ipo, nimepita mlangoni pake mara elfu, wala sitaitaja.

"Alizawa nyumba ya mawe, naam. Lakini si yuu. Yuu ni ya wenyewe. Tini ndiko kwao."

Kwa Kiamu yuu ni juu, tini ni chini. Mama yake bibi huyo alikuwa mzalia, mtumwa aliyezaliwa papo hapo mjini, hakuletwa na jahazi. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kushika mti wa shiraa. Wanawake wa kiungwana walipotoka, walitembea ndani ya kitambaa kilichotandazwa juu ya miti, na watumwa wa kike ndio walioishika miti hiyo. Habari za shiraa nilikuwa nazo. Nilizisoma, niliona michoro yake. Ila sikuwahi kuitazama kwa jicho alilonipa Bi Mkubwa siku ile.

"Aliyemo ndani hakuonekana na mtu. Aliyeshika mti alionekana na mui mzima."

Sitara ilikuwa ya mmoja, ikashikwa na mwingine.

Niliikumbuka ile methali nyingine, muungwana akivuliwa nguo huchutama. Niliipenda sana tangu shuleni, kwa sababu inasema hata ukidhalilishwa hifadhi kilichobaki. Lakini ndani yake pia amesimama mtu wa pili ambaye hakutajwa, yule anayedhaniwa kwamba akivuliwa hatachutama. Yule aliyevalishwa kaniki, nguo nyeusi ya bei rahisi, ajulikane njiani. Bi Mkubwa aliniambia bibi yake, siku alipopata pesa zake mwenyewe, alinunua leso ya rangi, na kwamba tangu siku hiyo hadi alipovishwa sanda hakuna kitu cheusi cha kaniki kilichogusa mwili wake. Buibui alivaa. Buibui lilikuwa vazi la sitara, na alilinunua yeye.

Mwaka 1907 serikali ya Waingereza iliufuta utumwa kisheria katika mwambao wa Kenya. Fidia ikalipwa kwa mabwana. Waliotumikishwa hawakulipwa kitu. Bibi yule alikuwa mtoto wa miaka kama kumi. Kwa alivyohadithia, usiku wa baada ya uhuru walilala tini, pale pale walipolala usiku wa kabla yake.

Ubeti tulioupita

Shuleni tulifundishwa Utendi wa Mwana Kupona, alioutunga 1858 kumuusia binti yake. Nimeusoma nikalia, kwa ule upole wa mama mgonjwa anayejua siku zake zinahesabika. Na humo humo anamwambia mwanawe asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Mwalimu wetu alipofika ubeti huo aliusoma haraka, akageuza ukurasa. Wala simlaumu. Darasani tulikuwa wajukuu wa pande zote mbili, tumekaa dawati moja, tumeazimana kalamu. Angesema nini?

Lakini nafikiri sasa kwamba kule kuharakisha ndiko kulikotufikisha hapa. Tumeziweka nusu nzuri za methali na beti nzuri za tenzi, na zile nyingine tumewaachia wazee wa Langoni wazikumbuke peke yao.

Kuna jambo Lamu inalikumbuka vizuri, na ni haki nilitaje. Habib Swaleh alitoka Ngazija, kule visiwa vya Komoro, akaja kukaa kwetu. Huko kwao pia neno lilikuwa lile lile, *wangwana*, na mgawanyiko ule ule. Alikuwa sharifu, mtu wa kizazi cha Mtume, angeweza kukaa yuu na wenyewe. Akawafundisha Kurani na elimu watu wa Langoni, waliokuwa watumwa na wana wa waliokuwa watumwa, watu ambao waungwana wengi hawakuona haja wala haki ya kuwafundisha. Walimlaumu kwa hilo. Msikiti wa Riyadha ulisimama upande wetu wa mji, na Maulidi yanayojaza Lamu wageni kila mwaka yametokea hapo. Kaka yake yule bibi wa leso alisoma kwake. Bi Mkubwa alipofika hapo ndipo ukili ukatulia mikononi mwake kwa mara ya kwanza.

"Hakutuita waungwana yule. Alitufundisha kusoma."

Waliolitwaa

Nilimbishia. Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima.

Nilimweleza habari za wapagazi wa misafara ya karne ya 19, waliotoka Zanzibar na Bagamoyo kwenda hadi Kongo. Wengi wao walikuwa watumwa, au walikuwa watumwa jana. Walikuwa Wayao, Wanyamwezi, Wamakua. Pwani hakuna ambaye angewaita waungwana. Lakini wakishafika bara, miezi kadha ya kutembea mbali na mabwana zao, wakijua Kiswahili na wamevaa kanzu, walijiita wenyewe Waungwana. Wazungu waliosafiri nao, akina Stanley, waliliandika vitabuni mwao hivyo hivyo, Wangwana, kana kwamba ni jina la kabila. Na Kiswahili walichokipanda mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana.

Hebu fikiri. Lahaja nzima ikabeba jina hilo, na walioipanda walikuwa watu waliokuwa hawaruhusiwi kulitumia walikotoka.

"Basi Bibi, neno si la wenyewe tena," nikasema. "Wetu walilitwaa. Walilibeba kichwani kama walivyobeba pembe, wakalifikisha mbali kuliko wenyewe walivyowahi kufika. Kwa nini tulirudishe?"

Alifikiri. Nampenda kwa hilo, hufikiri kweli, hajibu kwa sababu ni zamu yake.

"Wale walijiita," akasema. "Hakuna aliyewapa. Mimi umenipa wewe. Na umenipa ili nitoe shilingi elfu."

Sikuwa na jibu la hilo, na hadi leo ninapoandika sina.

Kilichotokea mlangoni

Tukiwa katika mazungumzo hayo kijana wa punda alileta gunia la mkaa. Kijana wa bara, Kiswahili chake cha shule, hakuzidi miaka 20. Kazi yake ilikuwa kulitua mlangoni. Alilibeba hadi jikoni, akaona mfereji unavuja, akauliza kama kuna kitambaa, akaufunga. Bi Mkubwa alipomnyooshea noti ya ziada alikataa kwa mikono miwili, akasema atapita Jumamosi na mpira mpya wa mfereji, akaondoka.

"Mungwana, yule," Bi Mkubwa akasema.

Nilimtazama. Wiki tatu nimekosa usingizi kwa ajili ya neno hili, na yeye amelitoa kama mtu anavyotoa kahawa.

"Bibi!"

"Nini? Nimemwita kwa alilolitenda. Wewe ulituita kwa lipi?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba hakuwahi kulikataa neno lenyewe. Alilikataa lisitumike kama chambo. Nusu ya pili ya methali aliikubali, aliifuata kwa uaminifu kuliko mimi niliyeiandika: kitendo kwanza, jina baadaye. Nusu ya kwanza ndiyo aliyotaka nisiifiche, kwa sababu aliyefichwa humo ni bibi yake.

Nikamuuliza basi tuitane vipi, sisi tusiotenda lolote bado, tuliokaa tu kwenye kundi la simu.

"Watu," akasema. "Mimi nimezawa mtu."

M na ki

Nimelibeba jibu hilo hadi Malindi. Sokoni Malindi ukisimama asubuhi utawasikia Wagiriama wakisema *mutu*, wengi wao *atu*. Kijana wa punda kama ni Mkikuyu, kwao ni *mundu*, kama ni Mmeru, *muntu*. Mtaita atasema *mndu*, Mzulu *umuntu*. Katika karne ya 19 Mjerumani Wilhelm Bleek alizichukua lugha zetu hizi zote akazipa jina moja, Bantu, kutokana na neno hilo hilo. Lilikuwapo kabla ya mawe ya Mkomani. Lilikuwapo kabla ya yuu na tini, na ndani yake hamna mlango.

Ila Kiswahili hakikuniacha nipumzike hata hapo. Shina la *mtu* ni *-tu*, na *kitu* kina shina hilo hilo. Kinachomtenga mtu na kitu katika lugha yetu ni kiambishi kimoja tu kilichowekwa mwanzoni. Mzalia yule aliyeshika mti wa shiraa alikuwa na mikono, jina, wimbo wa kubembelezea mtoto, lakini katika hesabu za nyumba aliandikwa pamoja na vitu. Alirithiwa, aliuzwa, aliazimwa. Mtu akapewa *ki-*.

Na *mtumwa* halina *mtu* ndani yake, ingawa sikio linataka liwemo. Linatokana na kutuma. Ni aliyetumwa. Mtume naye ni aliyetumwa. Neno moja likapanda mimbari, ndugu yake akalala tini.

Sijui kama nitaacha kusema waungwana. Juzi nimemsikia mwalimu mmoja akilitumia kwa watoto wa chekechea, "haya waungwana, tuweke viatu vyetu vizuri," na watoto wote, wa kila rangi na kila ukoo, wakanyoosha migongo. Sikutaka kumwambia kitu. Baba yangu alikuwa mlangoni pale, anatengeneza kola. Labda watoto wale watalijaza neno hadi lisiwe na nafasi ya kitu kingine. Labda mimi nitalisema kwa mtu mmoja mmoja tu, nikishamwona.

Kwenye kundi la ukoo niliandika upya, Jumapili usiku. Niliiandika methali yote, nusu zote mbili. Nikamtaja bibi wa leso kwa jina lake kamili, nikaeleza mama yake alishika nini. Nikaandika: "Sisi ni watu wake." Chini yake nikaweka habari za mchango na nambari ya kutumia.

Kwa muda mrefu hakuna aliyeweka kidole gumba. Mjomba mmoja aliondoka kwenye kundi, akarudishwa asubuhi, hakusema neno. Binamu mmoja aliniandikia faraghani kuniuliza kama ni kweli, na kwa nini yeye hakuambiwa na ana miaka 41.

Sauti ya Bi Mkubwa ilikuja baada ya alasiri. Sekunde sita.

"Nimesomewa. Mkeka wa bi arusi utakuwa tayari Alhamisi, tuma mtu auchukue."

Alisema *tuma*. Nilikwenda mwenyewe.